Kitani, si katani

Mama yangu yuko Tanga, na katika miaka yake sabini na ushee neno katani kwake lina maana moja tu: mkonge. Baba yake alikata mkonge, mume wake alipakia marobota ya mkonge bandarini, na kamba ya kuanikia nguo uani kwake hadi leo ni ya mkonge. Basi nilipomwambia kwa simu kwamba siku hizi asubuhi natia mbegu za kitani kwenye uji, alinyamaza. Nikasikia redio yake kwa nyuma. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, biashara imekuwa mbaya kiasi hicho?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini si yeye peke yake. Hapa Dar nimeshawasikia watu wakizitafuta dukani kwa jina la "mbegu za katani", na muuzaji anawapa bila kuwasahihisha. Kitani ni mmea mwingine kabisa, wa maua ya buluu, ambao nyuzi zake ndizo zinazofumwa kitambaa cha kitani. Mbegu zake ni bapa, za kahawia, zinateleza mkononi, na ni kubwa kidogo kuliko ufuta. Majirani zetu Waethiopia wanazikaanga, wanazisaga na kuzinywa, wanaita telba. Na mafundi seremala wanayajua mafuta yake kwa jina la linsidi, yale ya kupakia mbao. (Tafadhali, mafuta ya duka la vifaa vya ujenzi yabaki kwenye mbao. Mara nyingi yametiwa vikaushio. Naandika hivi kwa sababu mtu aliniuliza.)

Mimi ni mwoka mikate. Mikate ya ufuta hasa, ile ya tui la nazi, ya kikaango kinachoinamishwa juu ya makaa. Nawaandikia kuhusu mbegu hizi kwa sababu ya mambo mawili: matiti yangu na titi la wifi yangu.

La kwangu ni dogo. Tangu nilipofika miaka arobaini, wiki moja kabla ya hedhi matiti yanajaa, yanakuwa mazito, yanauma hata kuguswa na kanga. Kubeba kreti la mikate kifuani siku hizo ni adhabu. Nilikwenda kupimwa, nikapigwa ultrasaundi, nikaambiwa ni vifuko vidogo vya maji na hakuna cha kutisha. Binti wa dada yangu, ambaye anasomea ufamasia na ananiita mama mdogo ingawa anajua mengi kunishinda, ndiye aliyeniambia kwamba huko Toronto, Kanada, wanawake wenye maumivu kama yangu waliwahi kupewa keki ndogo, zile za kwenye vikombe vya karatasi, zenye unga wa mbegu za kitani, na maumivu yakapungua.

Keki! Kama angeniambia kidonge ningesahau siku ileile. Keki ni kazi yangu.

Nikanunua nusu kilo. Nikala kijiko kizima kila asubuhi, nikitafuna kwa haraka kama mtu anayechelewa basi. Mwezi mzima. Nitasema kwa adabu tu kwamba mbegu ziliingia kama zilivyo na zikatoka kama zilivyo. Nilipomsimulia binti yangu yule, aliniambia Waholanzi walishaupima ujinga wangu: waliwapa watu mbegu nzima, mbegu zilizopondwa na mbegu zilizosagwa laini, kisha wakapima damu. Mbegu nzima ziliingiza mwilini kama asilimia 28 tu ya kile kilichoingizwa na zilizosagwa. Zilizopondwa, asilimia 43. Tangu siku hiyo nasaga, na nasaga kidogo kidogo, kwa sababu unga wake una mafuta mengi na ukikaa juani kwenye joto letu hili unachacha na kunuka kama rangi. Unga wangu unakaa kwenye friza, ndani ya kopo la siagi ya karanga.

Kinachoingia mwilini ni nini hasa? Hapa ndipo niliponaswa, nikawa namsumbua mtoto wa watu usiku wa manane.

Katika ganda la mbegu ya kitani kuna viini vya mimea vinavyoitwa lignani. Kile kikuu kinaitwa sekoisolarisiresinoli diglukosidi, jina refu kama treni ya mizigo ya reli ya kati, ndiyo maana wenyewe wanaandika SDG wakapumzika. Hakuna chakula cha kawaida kinachofikia kitani kwa lignani za aina hii. Gramu mia moja za mbegu zina kama miligramu 300. Lakini lignani yenyewe haifanyi kazi kubwa. Inapofika kwenye utumbo mpana, bakteria wanaoishi humo wanaivua sukari yake na kuipika upya, inakuwa enterodioli, kisha enterolaktoni. Ndiyo hizo zinazoingia kwenye damu. Kwa hiyo mbegu moja inaweza kukupa wewe nyingi na mimi kidogo, inategemea wapishi waliomo tumboni. Huko Finland walikuta watu waliotoka kumeza antibayotiki wana enterolaktoni pungufu kwenye damu. Wapishi walikuwa wamefukuzwa jikoni.

Nilichokipenda zaidi ni jinsi enterolaktoni na enterodioli zilivyogunduliwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970, watafiti wa Uingereza na Finland, miongoni mwao Kenneth Setchell na Herman Adlercreutz wa Helsinki, walikuwa wanachunguza homoni kwenye mkojo wa wanawake wakaona kitu wasichokijua, kinapanda na kushuka pamoja na siku za mwezi. Wakadhani wamepata homoni mpya ya binadamu. Walitangaza umbo lake mwaka 1980, na kufikia 1982 ikajulikana kwamba asili yake ni chakula, na mbegu za kitani zikawa za mbele. Fikiria umeita watu kutazama dhahabu, kumbe ni uji. Ila Adlercreutz hakuuacha: mwaka huohuo wa 1982 alionyesha kwamba wanawake wenye saratani ya titi aliowapima walikuwa wakitoa enterolaktoni kidogo kuliko wengine. Walikuwa wachache, na kidogo hicho kinaweza kuwa ni dalili tu ya namna mtu anavyokula. Lakini swali likabaki mezani.

Enterolaktoni inafanana umbo na estrojeni, homoni ya kike ambayo saratani nyingi za titi zinaitegemea ili zikue. Kufanana huko kunatisha watu: kama inafanana na estrojeni si itauchochea uvimbe? Binti yangu alinieleza kwa daladala, ambayo viti vyake ni mahali homoni inaposhika kwenye seli. Estrojeni yenyewe ni abiria mwenye safari ndefu, akipata kiti anakwenda nacho mpaka mwisho wa njia. Enterolaktoni ni abiria wa vituo viwili. Ikiwahi kiti, safari yake ni fupi, lakini yule wa safari ndefu amebaki kasimama. Si hesabu kamili, inategemea daladala limejaa kiasi gani, yaani mwanamke bado anapata hedhi au amekoma. Hata hivyo ndivyo nilivyoelewa na sijaona maelezo bora.

Sasa maumivu yangu. Mwezi wa tatu wa kula unga yalipungua kweli. Lakini mwezi huohuo niliacha kahawa ya jioni, na nikanunua sidiria inayonitosha kwa mara ya kwanza tangu nimzae kitindamimba wangu. Sijui nimshukuru nani kati ya hao watatu.

Wifi yangu ni dada mkubwa wa mume wangu. Tumetaniana miaka ishirini. Ananiita mla nyumba ya kaka yake, nami namwita mama mkwe wa bandia. Siku moja akaja na mfuko wa kilo moja ya mbegu za kitani. "Wifi, nisagie. Mashine yako ina nguvu." Nikasaga. Nikamsifu hata: angalau wewe umeanza kwa kusaga, mimi nilikula kama kuku. Baada ya wiki tatu akaja tena na kilo nyingine. Kilo moja kwa wiki tatu! Nilijua mtu mmoja hali hivyo, nikamwambia kwa utani, "Wifi unafuga ng'ombe?" Akacheka. Nikasaga.

Ilikuwa mara ya nne, au ya tano, ndipo alipokaa kwenye kigoda changu cha kukandia akasema, bila kunitazama, "Wifi, hii dawa inachukua muda gani kuyeyusha?"

Kuyeyusha nini?

Akaushika mkono wangu, wenye unga, akaupeleka kwenye titi lake la kulia, upande wa kwapani. Palikuwa na kokwa. Gumu, halisogei, kama kokwa la embe dodo lililosahauliwa chini ya kitambaa. "Haliumi," akasema, "ndiyo maana nilijua si kitu kibaya." Amekuwa nalo tangu kabla ya Ramadhani. Na sasa tulikuwa tumekaribia Mfungo Tatu.

Nimeandika na kufuta sehemu hii mara nyingi. Miezi yote hiyo mashine iliyosaga ilikuwa yangu. Sikuuliza hata mara moja kwa nini.

Alichokuwa anafuata ni voisi ya WhatsApp. Alinipigia nisikilize: mwanamke mwenye sauti nzuri, ya utaratibu, anasema huko Kanada wamegundua mbegu ya kitani inaua kansa ya titi ndani ya siku arobaini, lakini hawataki tujue. Vijiko vitano kutwa mara tatu. Ukiwa umeanza, usichanganye na dawa za hospitali, utaiharibu nguvu.

Uchungu wangu ni kwamba utafiti huo upo. Voisi haikutungwa hewani. Ulichapishwa mwaka 2005 na Lilian Thompson wa Chuo Kikuu cha Toronto pamoja na wenzake, na usiku ule binti yangu alinisomea mstari kwa mstari mpaka salio la simu likaisha. Walikuwa wanawake 32 waliokwisha koma hedhi. Wote walikuwa wameshagunduliwa saratani ya titi kwa kunyofolewa kipande kidogo cha uvimbe kikapimwa. Wote walikuwa wanasubiri upasuaji. Kumi na tisa walipewa kila siku keki yenye gramu 25 za unga wa mbegu za kitani, kumi na watatu walipewa keki ya kawaida, na hawakuambiwa ipi ni ipi. Wa kitani walikula kwa wastani siku 39. Kisha, siku ya upasuaji, uvimbe uliotolewa ukalinganishwa na kile kipande cha mwanzo. Kwa waliokula kitani, alama ya kasi ya seli kugawanyika, inayoitwa Ki-67, ilikuwa imeshuka kwa kama asilimia 34, na seli zilizokuwa zikijifia zenyewe zilikuwa zimeongezeka kwa kama asilimia 31.

Siku ya upasuaji! Hizo ndizo siku arobaini za yule mwanamke wa sauti nzuri. Alizihifadhi siku, akaihifadhi Kanada, akaihifadhi mbegu, akatupa kisu. Hakuna mwanamke hata mmoja katika wale 32 aliyekula keki badala ya kwenda chumba cha upasuaji. Walikula wakiwa kwenye foleni. Na uvimbe haukuyeyuka. Kama ungeyeyuka wangepima nini? Ulipunguza mwendo. Hilo ni jambo la maana sana, mimi lilinisisimua, lakini ni wanawake 32 na ni alama za kwenye maabara, si hesabu ya nani aliishi miaka kumi baadaye.

Wala vijiko kumi na tano havikuwemo. Nilipima gramu 25 kwenye mizani yangu ya hamira: ni vijiko vitatu vya chakula na nusu hivi, kwa siku nzima. Wifi alikuwa anakunywa karibu mara mbili ya hiyo, mkavu, maji kidogo kwa sababu anasumbuliwa na kwenda haja ndogo usiku. Unga ule unavuta maji na kuwa kama uji wa bamia tumboni. Si ajabu alikuwa amefunga choo na tumbo limemjaa, na yeye akidhani ndiyo dawa inafanya kazi. Na vidonge vyake vya presha alikuwa anavishushia humohumo, kwenye ute ambao unaweza kuvichelewesha visifyonzwe.

Tulikwenda hospitali Jumatatu. Sitaitaja, na sina la kulalamika isipokuwa mabenchi. Ultrasaundi, mammografia, sindano ya kuchukua kipande cha uvimbe, siku za kusubiri majibu ambazo nilichoma mikate mitatu mpaka ikawa mkaa. Ilikuwa saratani. Vipokezi vya estrojeni, yaani milango ya seli ambako homoni hiyo inashika, vilikuwepo, na daktari akasema hiyo ni afadhali, maana zipo dawa za kuifunga milango hiyo. Hatua ya pili kuelekea ya tatu. Miezi ile tuliyokaa tukisaga ilitosha kuisogeza kiasi gani, sikuuliza, na daktari, Mungu ambariki, hakusema.

Wifi ndiye aliyeuliza kuhusu mbegu. Nilijua atafokewa. Daktari, kijana mdogo tu, akamuuliza anakula kiasi gani, kwa nini, na tangu lini, akaandika kwenye faili. Akamwambia aziache kwanza mpaka upasuaji upite, na baada ya hapo kijiko kimoja au viwili kwenye chakula si neno, mradi kila mtu anayemtibu ajue na dawa zimezwe saa nyingine. Akaongeza, "Mama, mimi nakula pia. Kwa ajili ya choo." Wifi alimpenda tangu hapo.

Upasuaji ulifanyika, mionzi ikafuata, na sasa yuko kwenye tamoksifeni, moja ya zile dawa za kuifunga milango ya estrojeni, kidonge kimoja kila siku. Joto lile la ghafla linampata, lile la kuvua kanga saa nane za usiku. Aliniuliza kama kitani kinalipoza. Nikamwambia hilo nalo walilijaribu: mwaka 2012 huko Marekani wanawake 188 walipewa vipande vya kutafuna kwa wiki sita, wengine vyenye kitani na wengine bila. Theluthi hivi ya kila kundi walipata nafuu ya nusu nzima. Kila kundi, hata lile lisilokuwa na kitani. "Kwa hiyo waliopona waliponywa na nini?" akauliza. Na kupewa kitu, wifi. "Basi nipe mkate."

Huo mkate ndio umenifikisha kwenye jambo la mwisho, na ndilo nililotaka kuwaambia tangu mwanzo, nikachelewa kwa maneno mengi. Nusu kilo ya kitani inauzwa bei ambayo ningepata kwayo mfuko mzuri wa ufuta wa Lindi. Na ufuta pia una lignani. Si zilezile: za kwake zina majina mengine, sesamini na wenzake, lakini wale wapishi wa tumboni wanazigeuza kuwa enterolaktoni hiyohiyo. Mwaka uleule wa 2005, maabara ileile ya Thompson iliwapa wanawake waliokoma hedhi gramu 25 kwa siku za kitani, au za ufuta, au mchanganyiko, wiki nne kila zamu, kisha wakapima mkojo. Enterolaktoni na mwenzake zilipanda kwa kiwango kinachokaribiana, kitani au ufuta. Ni kweli mbegu zote zilikuwa nzima, na kitani kizima tumeshaona kinavyopita kama msafiri, kwa hiyo kikisagwa kinaweza kuutangulia ufuta. Na hakuna aliyepeleka mkate wa ufuta kwenye foleni ya upasuaji akapima uvimbe. Lakini nilipoambiwa hivyo nilitazama debe langu la ufuta kwa jicho jingine. Nimekuwa nalinyunyiza miaka kumi na minne.

Voisi ya ufuta haipo. Nadhani ni kwa sababu ufuta tunaujua. Haujatoka Kanada, hauna siri, bibi zetu waliutia kwenye mkate na bado wengine walipata kansa. Hauwezi kuuzwa kama muujiza.

Wifi huja Alhamisi kunisaidia. Walimtoa matezi ya kwapani, na mkono wa kulia bado haupandi kupita bega, ingawa anafanya mazoezi ya kutambaza vidole ukutani na ameweka alama za mkaa kuonyesha amefika wapi. Ukuta wangu wa jikoni sasa una ngazi ya mistari myeusi. Kazi yake ni kunyunyiza ufuta, na ananyunyiza kwa mkono wa kushoto, ambao haujazoea, kwa hiyo mbegu zinarundikana upande mmoja wa mkate na upande wa pili unabaki na upara. Wiki iliyopita mteja wangu wa siku nyingi aliugeuza mkate, akautazama, akaniuliza kulikoni. Kabla sijafungua mdomo, wifi akamjibu kutoka kwenye kigoda kwamba ndio mtindo mpya, na kwamba huo wa upande mmoja una bei ya juu.

Akalipa.